Dirisha Lililokwenda Mkomani

Leo asubuhi shemeji yangu alifika mlangoni na punda na heshima zote, akaichukua skrini yangu ya pili akaipeleka kwake Mkomani ili jioni watazame mpira. Sikumkatalia, kwa sababu shemeji hakataliwi, na kwa sababu nilidhani kinachoondoka ni kioo na waya wake tu.

Mimi ni mtunza hesabu. Nakaa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, lakini kompyuta ninayoitumikia iko London, na kila siku naingia humo kwa intaneti na kuiendesha kama nahodha anayeshika usukani wa jahazi akiwa amelala kitandani kwake. Wenzangu wa kazi hii wanaelewa adha yake: mbele yako kuna upau wa Lamu na upau wa London, yaani ule mstari wa programu ukingoni mwa skrini, kila mmoja na kitufe chake cha kuanzia, na kila mmoja ukijifanya ndio unaoutafuta. Zamani nilizitenganisha, wa Lamu nikauweka chini na wa London juu, nikaishi kwa amani. Windows 11 ilipotoka mwaka 2021 ikaja na amri kwamba upau mahali pake ni chini, na wakubwa walipoiweka kule, pau zangu mbili zikalazwa pamoja kama abiria wa mashua ya Mokowe. Juu pakabaki ule utepe mwembamba wenye alama ya X, ambayo ukiigusa ukidhani unafunga ukurasa, unatolewa London mzima mzima. Habari ya saa hata sitaki kuigusa: msimu huu upau mmoja huandika 15:00, mwingine 13:00, na sisi nyumbani ni saa tisa.

Basi saa nne nikafungua programu ya hesabu, nikaandika ankara moja, nikabonyeza kuhifadhi. Programu ikaganda. Kila nikibonyeza popote inalia “ting”, kwa sauti ya adabu inayoudhi kuliko tusi. Nikaelewa kwamba kuna kisanduku cha swali kinachosubiri jibu langu, na kwamba kisanduku hicho, kwa kuwa hukumbuka mahali kilipokaa jana, kimejitokeza upande wa kulia, kwenye skrini ambayo wakati huo ilikuwa juu ya punda.

Nilikuwa bado nauvuta mshale kuelekea kulia, nikiuvuta na kuuvuta hata mkono ukafika ukingo wa meza, pale ami yangu alipoingia.

“Unatafuta nini, mwanangu?”

“Dirisha, ami.”

Akautazama ukuta. “Upande huo nyumba hii haijapata kuwa na dirisha. Babu yako alilikataa.”

“Ni la kompyuta, ami. Liko hapa kulia.”

“Kulia si ukuta?”

“Ndipo lilipo.”

Ami akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza nililala saa ngapi. Nikamweleza kwa ufasaha wote niliojaliwa kwamba kompyuta ya London haijui kuwa skrini imeondoka Langoni, kwamba swali limeulizwa mahali pasipokuwepo, na kwamba hadi lijibiwe hakuna kitakachosogea. Ami akasema hilo analielewa vizuri, kwa sababu kesi yake ya shamba ndivyo ilivyo. Akaketi. Kila kompyuta ilipolia “ting”, akaitika “labeka”.

Kufikia saa nane nilikuwa nimeshafanya jambo ambalo mtu aliyesoma halifanyi: nilimpigia shemeji simu, nikamwomba atazame ile skrini kama kuna kisanduku kidogo juu yake. Akatazama, Mungu amlipe. “Shemeji,” akasema kwa upole, “hapa naona tangazo la sabuni.”

Aliyeniokoa ni binti wa dada yangu, alipopita kutoka shule. “Shikamoo, mjomba,” akasema, na kabla sijamaliza kuitikia alikwisha kuipanua London ikajaza skrini nzima, kwa sababu, alisema, ikiwa imepunguzwa baadhi ya vitufe unavyobonyeza hubaki Lamu. Akabonyeza Alt pamoja na kile kitufe kirefu cha nafasi, akabonyeza M, akagusa mshale wa kibodi mara moja, akasogeza kipanya, na kisanduku kikaruka kutoka ukutani kama popo. Ami alishtuka. Saa tano nzima za kazi zilikuwa zimekwenda, na kisanduku kile kilitaka kujua kama ningependa kuendelea kuulizwa maswali ya namna hii.

Skrini imerudi baada ya Isha kwa punda yuleyule, na shemeji, kwa ukarimu, ameipanga mwenyewe upande wa kushoto. Kompyuta ingali inaamini iko kulia, kwa hiyo nikiupeleka mshale kulia unazuka kushoto, na nikiupeleka kushoto unagonga ukingo. Kurekebisha mipangilio ni kazi ya dakika moja, lakini italazimu nitoke London kisha niingie upya, na sina nguvu ya kuonana tena na kisanduku kile usiku huu. Nimeona heri nigeuze meza. Meza imegeuka, skrini iko kulia, na mlango wa chumba sasa hauwezi kufunguka. Nyuma yake mke wangu amesimama na chai ya tangawizi, ananiuliza kama lile dirisha la asubuhi limepatikana, aipitishie hapo.