Kishikwambi kianzie mkononi mwa nani?

Desemba 2017, watoto karibu 3,000 wa vijiji vipatavyo 170 mkoani Tanga walianza kupewa vishikwambi. Asilimia 74 kati yao walitajwa kuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Hawakupewa mwalimu. Walipewa kifaa chenye programu ya kusoma, kuandika na kuhesabu, pamoja na mahali pa kukichaji kwa umeme wa jua. Yalikuwa mashindano ya Global Learning XPRIZE, yaliyofadhiliwa na Elon Musk na kuendeshwa kwa ushirikiano na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali ya Tanzania. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana zawadi ya dola milioni 10.

Tangu hapo, kila anayebishana kuhusu kompyuta darasani ana cha kuchukua Tanga. Anayezipenda hushika nusu iliyojifunza, na mwenye mashaka hushika nusu iliyobaki. Nianze na ile nusu iliyojifunza, maana jambo lenyewe si dogo.

Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Mtoto akishazijua ba, be, bi, bo, bu, ana uwezo wa kusoma baba, babu, bibi na bubu bila kufundishwa neno moja moja. Kwa lugha ya namna hii mashine ina kazi nzuri ya kufanya: inatamka silabi, mtoto anaigusa, akikosea inatamka tena, mara ya kumi, mara ya arobaini, bila kuchoka na bila fimbo. Aliyewahi kusoma katika darasa la watoto 100 anajua thamani ya kurudiwa mara arobaini bila kuchekwa. Tena watoto hawa walisikia Kiswahili tangu kitufe cha kwanza, na naamini jambo hilo lilichangia sana. Programu nzuri kiasi gani kwa Kiingereza isingefika popote katika vijiji vile.

Hata hivyo tuangalie walilinganishwa na nini. Wengi wao hawakuwa na shule, kwa hiyo kishikwambi kilishindana na kukosa elimu kabisa, hakikushindana na mwalimu. Kumwonyesha waziri matokeo ya Tanga na kumwambia kwamba sasa anaweza kupunguza ajira za walimu ni kuyatumia vibaya. Kinachothibitishwa pale ni kwamba mtoto asiyefikiwa na mwalimu anaweza kusaidiwa kuanza. Hilo peke yake lingetosha kufanya kishikwambi kitafutiwe nafasi kwa jamii za wafugaji wanaohamahama, kambi za wakimbizi na visiwa vidogo.

Swali gumu liko kwenye shule iliyopo, yenye mwalimu, ubao, na watoto watatu wanaochangia kitabu kimoja. Hapo wa kutusomesha ni jirani zetu wa Kenya.

Katika kampeni za 2013, muungano wa Jubilee uliahidi kompyuta mpakato kwa kila mtoto anayeanza darasa la kwanza katika shule za umma. Mwaka huohuo walimu waligoma kwa wiki kadhaa wakidai marupurupu yao. Zabuni ya kwanza ilivunjwa baada ya malalamiko, na vifaa vilipoanza kufika mwaka 2016 vilikuwa vishikwambi, vilivyotolewa na miungano miwili ya wazabuni: mmoja wa Chuo Kikuu cha Moi, mwingine wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Zaidi ya vifaa milioni moja viligawiwa katika shule zaidi ya 20,000. Kila shule ilipata pia kompyuta mbili za walimu, projekta na seva ndogo ya kuhifadhia masomo.

Kwa ugawaji peke yake, ile ilikuwa kazi kubwa na nisingependa kuibeza. Tena ilileta faida ambayo husahauliwa: ili vifaa vitumike, maelfu ya shule yalivutiwa umeme wa gridi au yakafungiwa umeme wa jua. Taa inayowaka ofisini kwa mwalimu mkuu leo, katika shule nyingi za vijijini Kenya, ililetwa na mradi huo.

Darasani mambo yalikwenda tofauti. Kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30. Mwalimu afungue kabati la chuma, atoe vishikwambi 50, avigawe, asubiri viwake, amsaidie ambaye chake hakiwaki, kisha avikusanye na kuvihesabu, kwa kuwa kikipotea yeye ndiye wa kujibu. Ukiyapunguza hayo yote, kinachobaki cha kufundisha hakizidi dakika kumi. Wizi ulitokea katika shule kadhaa, na walimu wakuu wengi wakaona ni salama zaidi kuvifungia. Simlaumu mwalimu mkuu aliyefanya hivyo. Alipewa mali ya serikali, hakupewa mlinzi wala fundi, wala fungu la kununulia betri.

Utafiti mmoja uliofanyika Kisumu, chini ya mradi wa kusoma wa PRIMR uliotangulia Tusome, mpango wa kitaifa wa Kenya wa kufundisha watoto kusoma, ndio ulioyakaza mawazo yangu. Watafiti walizigawa shule katika makundi. Zote za majaribio zilipata vitabu, miongozo ya walimu na mafunzo yaleyale. Kundi moja lilipewa vishikwambi vya maofisa wanaozunguka shuleni kuwasaidia walimu, jingine vishikwambi vya walimu wenyewe, na la tatu visomeo vya kielektroniki vya kila mwanafunzi. Yote matatu yaliyapita kwa mbali makundi ambayo hayakupata mradi. Yalipolinganishwa yenyewe kwa yenyewe, tofauti haikuwa ya maana. Kumpa kila mtoto kifaa kuligharimu fedha nyingi mno kuliko kumpa ofisa mmoja anayehudumia shule nyingi, na usomaji wa watoto haukuonyesha tofauti hiyo ya gharama.

Kwa nini kifaa cha ofisa kifanye kazi? Kwa sababu kilibadilisha ziara yake. Zamani alikuja, akasaini kitabu cha wageni, akanywa chai, akaondoka. Akiwa na kishikwambi anakaa nyuma ya darasa, anajaza alichokiona, anawasomesha watoto wachache mmojammoja na kuhesabu maneno wanayoyasoma kwa dakika, kisha anakaa na mwalimu kujadili matokeo palepale. Tusome ilipoanza mwaka 2015 iliuchukua utaratibu huo na kuupeleka katika shule za msingi za umma nchi nzima, huku kila mtoto akiwa na kitabu chake. Ndiyo maana nasema, shilingi ya kwanza iende kwenye kitabu, na kishikwambi cha kwanza kiende kwa mwalimu na kwa yule anayemsaidia mwalimu. Vya watoto vifuate.

Tanzania tumeanza upande huo, ingawa kwa njia ya mzunguko. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi ya kuhesabu watu kwisha. Niliona kimoja kikitumika katika shule ya kijijini, darasa la tano, watoto 70 na ushee. Somo lilikuwa volkano. Ubaoni mwalimu alichora pembetatu yenye moshi juu, jinsi na mimi nilivyochorewa. Kisha akatoa kishikwambi mfukoni mwa koti. Alikuwa amepakua video fupi ya mlima ukilipuka, kwa kifurushi cha fedha yake mwenyewe. Akapita nacho dawati kwa dawati, kioo kikielekea kwa watoto, na kila dawati likapata sekunde chache. Mtoto mmoja wa nyuma aliuliza, "Mwalimu, ule moto ulikuwa umekaa wapi siku zote?" Darasa zima likanyamaza kusubiri jibu. Katika miaka yangu ya shule sikuwahi kusikia swali kama lile likiulizwa juu ya pembetatu.

Lakini mzunguko wa madawati ulichukua karibu dakika 15, na walioona mwanzo walikuwa wameshaanza kusukumana wakati wa mwisho wakisubiri zamu. Projekta moja ingewaonyesha wote kwa pamoja, ndani ya dakika mbili. Na kifurushi kilitoka mfukoni mwake. Kiwango cha ruzuku ya uendeshaji kilichowekwa wakati elimu bila ada inaanza ni Sh10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na humo tunatarajia ipatikane chaki, karatasi za mitihani na matengenezo ya madirisha. Fundi wa vishikwambi atalipwa na nini?

Wenye mashaka wanapenda kuitaja Uswidi, ambayo mwaka 2023 serikali yake ilitangaza kupunguza skrini kwa watoto wadogo na kutenga fedha za vitabu vya karatasi. Ni onyo la kusikilizwa, hasa kwa madarasa ya chini, ambako mkono unahitaji kushika penseli. Ila Uswidi ilirudi kwenye vitabu ikiwa na maktaba na watoto ambao tangu wamezaliwa wamezungukwa na kompyuta nyumbani. Ikizitoa darasani, mtoto wake hapotezi kitu ambacho hatakipata jioni. Wa kwetu hana jioni hiyo.

Hapa ndipo hoja ya wanaotaka kompyuta inaponishika kweli, kuliko hoja yoyote ya kupandisha alama za mitihani. Nenda kwenye steshenari yoyote ya mjini wakati maombi ya vyuo na ya mikopo ya elimu ya juu yanapofunguliwa. Utakuta vijana waliofaulu kidato cha sita wamepanga foleni wakiwa na bahasha za vyeti, wanamlipa mtu awajazie fomu mtandaoni. Wanamtajia jina, namba ya mtihani, hata nywila, na yeye anaandika. Akikosea namba moja, mkopo unachelewa au haupatikani, na kijana hana habari kosa lilikuwa wapi. Amesoma miaka 13 na hajawahi kugusa kibodi kwa raha. Mwenzake wa shule ya kulipia alianza kuigusa darasa la tatu. Tukisema tusubiri mpaka kila shule iwe na madawati, tunamsubirisha huyu wa foleni, yule mwingine anaendelea na safari.

Kwa hiyo sekondari ninabadilika. Kule nataka chumba cha kompyuta, hata cha mashine 20 zilizotumika, chenye ratiba na mtu anayelipwa kukitunza. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aandike barua, atengeneze jedwali, ajaze fomu, ajifunze kulinda nywila yake. Hayo hayahitaji kishikwambi cha kila mmoja. Yanahitaji saa mbili kwa wiki ambazo haziibwi na somo jingine.

Na masomo yaliyomo ndani ya mashine hizo yawe kwa lugha gani? Sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza, na video nyingi za fizikia na baiolojia zilizopo mtandaoni ni za Kiingereza cha mbali zaidi kuliko cha mwalimu wetu. Mwanafunzi ambaye hakumwelewa mwalimu haielewi video pia, na sasa hana wa kumuuliza. Tanga walipata walichopata kwa Kiswahili. Programu za mashindano yale zilitolewa huria, mtu yeyote anaruhusiwa kuzichukua na kuziendeleza. Kuna vyuo vyetu vinavyofundisha utengenezaji wa programu, na walimu waliozoea kufafanua mfumo wa damu kwa Kiswahili kila kengele ya mapumziko inapolia, wanafunzi wakiwafuata mlangoni. Kazi ya kuwakutanisha ingegharimu kidogo kuliko shehena moja ya vifaa.