Kompyuta ya Bei ya PS5 Haigeuki Kuwa PS5

Swali huwa linakuja hivi: nina hela ya PS5, je, nikiunda kompyuta kwa hela hiyohiyo gemu zitakuwa na sura ileile? Ukinunua vifaa vipya, hapana. Ukinunua vya mtumba na ukajua unachokitafuta, unafika karibu, na kwenye skrini ya 1080p (mistari 1080 ya nukta) unaiacha Xbox Series S, konsoli ya bei nafuu ya Microsoft, nyuma kabisa. Ila njia ya kufika huko ina mashimo, na wengi wanaotumbukia wametumbukizwa na namba moja tu: teraflopu, yaani hesabu trilioni ngapi chipu inaweza kufanya kwa sekunde.

PS5 ina teraflopu 10.28. Xbox Series S ina 4. Kadi ya grafiki ya RX 580, ambayo imejaa madukani kwa bei ya kutupa, ina 6 na kidogo. Kwa hesabu ya haraka RX 580 inaishinda Series S, na muuzaji atakwambia hivyohivyo. Sasa jaribu kufungua Doom: The Dark Ages ya 2025, au Indiana Jones and the Great Circle ya mwisho wa 2024. Series S inazicheza. RX 580 si ya kusema inakwamakwama: inagota mlangoni, maana gemu hizo zinadai kadi yenye uwezo wa ray tracing (kukokotoa njia ya mwanga) ndani ya chipu yenyewe, na kadi ya 2017 haina kitu hicho. Teraflopu hupimia vizuri kadi za ukoo mmoja. Ukivuka ukoo, zinadanganya. RTX 3050 ya GB 8 imeandikwa teraflopu 9.1 na RX 6600 imeandikwa 8.9, lakini ukiziwasha pamoja RX 6600 inaongoza, tena si kwa fremu (picha) mbili tatu kwa sekunde.

Kinachoamua kuliko teraflopu ni memori. PS5 ina GB 16 za GDDR6 (memori ya kasi ya grafiki) zinazotumiwa kwa pamoja na prosesa na grafiki, kwa kasi ya GB 448 kwa sekunde. Ukitoa fungu la mfumo, gemu inabaki na zaidi ya GB 12. Waundaji wanajua kiasi hicho kipo kwenye kila PS5 duniani, kwa hiyo wanakijaza. Gemu hiyohiyo ikiletwa kwenye kompyuta yenye kadi ya GB 4, kinachoshindwa kuingia kwenye kadi kinakimbilia kwenye RAM ya kawaida, ambayo ni ya polepole mno kwa kazi hiyo. Hapo ndipo unaona ukuta unaotakiwa kuwa wa matofali umekuwa kama udongo uliolowa, halafu sekunde nzima skrini inaganda. Watu wanailaumu prosesa bure. Kwa gemu mpya, kadi yenye chini ya GB 8 usiinunue hata ukiuziwa kwa bei ya karanga.

Kwa nini Sony aweze kuuza mashine kama hiyo kwa bei ambayo wewe huwezi? Kwa sababu faida yake haiko kwenye boksi. PS5 ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499, na mpaka katikati ya 2021 ile ya diski ilikuwa inauzwa kwa hasara. Hela inarudi kupitia gemu, pedi na malipo ya PS Plus (ada ya kucheza mtandaoni). Wewe ukiunda kompyuta, kila kifaa unakilipia na faida ya mwenye duka juu yake. Na tangu mwisho wa 2025 RAM imepanda bei vibaya, kwa hiyo pengo hilo limezidi kupanuka.

Tuwe wakweli upande wa pili pia. Ile "4K" ya kwenye boksi la konsoli ni maneno ya biashara. Gemu nyingi nzito zinachorwa kwa ukubwa mdogo kisha zinavutwa zijaze skrini. Alan Wake 2, ukiichezea PS5 kwenye hali ya fremu 60, picha inachorwa chini ya 900p ndipo inakuzwa. Kwa hiyo mwenye RX 6600 anayecheza 1080p kwa mipangilio ya kati hana sababu ya kuona haya. Anachoona kwenye kioo cha inchi 24 hakiko mbali na anachoona jirani kwenye TV ya inchi 55.

Sasa tuingie kwenye mtumba, maana ndiko hela zinakookolewa na ndiko zinakopotelea. Kariakoo ya Dar na Luthuli Avenue ya Nairobi zimejaa kompyuta zilizostaafu ofisini Ulaya: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara. Tatizo ni kwamba mtu ananunua OptiPlex 7050 ile nyembamba, anafurahia bei, halafu anarudi na kadi isiyoingia. Boksi dogo linapokea kadi fupi tu, zile za nusu kimo, na pawa saplai yake (kifaa cha ndani kinachogawa umeme) ni W 180. Chukua ile pana, ya mnara, ingawa nayo pawa saplai yake ni W 240 na haina kebo ya umeme ya kadi. Usidhani utaibadilisha kirahisi: plagi inayoingia kwenye madabodi (ubao mkuu) ya Dell si ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo ukinunua pawa saplai ya kawaida unahitaji na kebo ya kubadilishia, na umbo lenyewe huenda likagoma kukaa.

Hapo mafundi wengine wanatoa dawa yao: kiunganishi cha kuchukua umeme kwenye plagi ya SATA (ile ya diski) na kuupeleka kwenye kadi. Kikatae. Plagi ya SATA imeundwa kubeba W 54 kwenye laini ya volti 12. Plagi ya pini 6 inaruhusiwa kuvuta W 75, ya pini 8 inafika 150. RX 580 peke yake inakula W 185. Hesabu haiingii, na plastiki ndiyo inayolipa: inalainika, inanuka, na siku moja inaungua. Kama boksi ni la ofisini na hutaki kugusa pawa saplai, kadi zako ni zile zinazokula umeme kupitia tundu la madabodi tu, lisilozidi W 75: GTX 1650 zisizo na plagi, au RTX 3050 ya GB 6 ambayo inaridhika na W 70 na ina matoleo ya nusu kimo. Hiyo ya pili ndiyo kadi ya maana kwa maboksi haya, ingawa iko chini ya zile GB 8 nilizosema, na GB 6 zitaanza kukubana kwenye gemu mpya.

Angalia prosesa pia. Core i5-7500 ina kore 4 (viini vya kazi) bila nyuzi za ziada (threads, kila kore ikishika kazi mbili). PS5 ina kore 8 zenye nyuzi 16. Kwa eFootball hutaona kitu, lakini kwenye gemu ya uwanja mkubwa yenye wachezaji mia, wastani wa fremu unaweza kusoma 70 na bado mkono ukahisi mikwaruzo, kwa sababu kila sekunde chache fremu moja inachelewa. Nenda kizazi cha 8, i5-8500 yenye kore 6, utakayoikuta kwenye OptiPlex 7060 na EliteDesk 800 G4. Sababu ya pili ni kwamba Windows 11 inaanzia hapo kwa Intel, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025.

Anayeunda mwenyewe kwa bei ya kubana, mpangilio wangu ni huu na sioni sababu ya kuuzungusha: prosesa ya Ryzen 5 5600, madabodi ya B450 au B550, RAM GB 16 kwa vipande viwili vya 8, SSD (diski ya kasi) ya NVMe ya TB 1, RX 6600, na pawa saplai ya W 550 yenye jina linaloeleweka. Kesi yenye taa za rangi iache. Hela hiyo iende kwenye pawa saplai. B450 ya mtumba muulize muuzaji kama BIOS (programu ya madabodi ya kuwashia mashine) imeshasasishwa kwa Ryzen 5000, la sivyo utawasha, feni zitazunguka na skrini itabaki nyeusi. Ryzen 5 5500 ni nafuu zaidi lakini ina PCIe (njia kati ya prosesa na kadi) ya kizazi cha 3, na ukiioanisha na RX 6500 XT yenye laini 4 tu na GB 4, umeunganisha wanyonge wawili. Ryzen 5 5600G, yenye grafiki ndani yake, bila kadi inatosha kwa gemu za zamani na eFootball. Usiifikirie kabisa kwenye mjadala wa PS5. Laptopu za gemu za bei ya chini nazipita: joto la Dar au Mombasa linazimaliza.

Mashine ikishakamilika, nusu ya malalamiko ya "mbona inasuasua" yanaishia kwenye mambo madogo. Kebo ya skrini imechomekwa kwenye madabodi badala ya kwenye kadi. RAM ni kipande kimoja, au ni ya 3200 lakini inakimbia 2133 kwa sababu XMP (mpangilio wa kuipa RAM kasi yake kamili) haijawashwa kwenye BIOS. Gemu imewekwa kwenye hard disk ya zamani. Na lingine ambalo mwenye konsoli halijui kabisa: sheda, programu ndogo zinazoiambia kadi ichore vipi mwanga na rangi. PS5 zote za kawaida zina chipu ya aina moja, kwa hiyo gemu inafika na sheda zikiwa tayari zimepikwa. Kompyuta yako inazipika yenyewe mara ya kwanza, na kwa prosesa dhaifu inachukua dakika nyingi. Ule mstari wa asilimia unaotambaa mwanzoni uache ufike mwisho. Ukiuruka, utakwamakwama ukiwa katikati ya mapigano. Na ukisasisha draiva (programu ya kuendesha kadi), kazi hiyo inaanza upya.

Gharama za baada ya kununua zinageuza baadhi ya mambo. Kwenye PS5, gemu za kulipia hazichezeki na watu mtandaoni bila PS Plus. Kwenye kompyuta hakuna ada hiyo. Sony haijafungua huduma yake ya mtandaoni ya PlayStation kwa Tanzania wala Kenya, kwa hiyo akaunti inasajiliwa kwa nchi nyingine na kadi za hela zinanunuliwa za nchi hiyohiyo. Si jambo dogo: Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti ya PlayStation, gemu iliondolewa kwenye duka la Steam katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo. Steam kwa upande wake inakurudishia hela ukiomba ndani ya siku 14 na hujavuka saa 2 za kucheza, na hicho ndicho kipimo bora cha kujua kama mashine yako inaiweza gemu fulani. Lakini konsoli yenye diski ina silaha yake: diski inauzika tena, inaazimika, na inakuokoa bando. EA Sports FC 25 kwenye kompyuta inataka GB 100. Piga hesabu hiyo kwa bando lako kabla hujasema kompyuta ni rahisi.

Umeme haupishani sana. PS5 inavuta kama W 200 kwenye gemu nzito, na kompyuta yenye RX 6600 inakaa maeneo hayo au juu kidogo, bila kuhesabu skrini. Saa 3 kila siku kwa mwezi ni yuniti 18. Zidisha kwa bei yako ya LUKU. UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) ya VA 650 haitoi W 650, hutoa kama 360, inatosha kuhifadhi na kuzima, basi.

Kwa hiyo anayetaka gemu tu, sebuleni, na ana hela taslimu, anunue PS5 yenye diski. Anayetaka kuhariri video, kusoma na kufanya kazi, au tayari ana boksi la mnara nyumbani, aongeze kadi. Akienda kununua kadi ya mtumba, abebe flashi yenye GPU-Z (programu ya kusoma kadi ni ipi) na FurMark (programu ya kuikamua kadi kwa majaribio). GPU-Z ikiandika neno FAKE mbele ya jina, ni kadi ya zamani iliyobandikwa jina jipya. GTX 1050 Ti yenye tundu la VGA itilie shaka kabla hata ya kuiwasha. Kwenye mstari wa Shaders wa GPU-Z, yaani viini vya kadi, RX 580 isome 2304. Ikisoma 2048 ni toleo la chini, na bei ishuke. Kisha FurMark dakika 15 muuzaji akiwa hapohapo: joto lisivuke nyuzi 85, feni zote zizunguke, na kisionekane hata kidoa kimoja cha rangi ngeni kwenye skrini.