Pansi Tuwaachie Watu wa Limuru

Kusi ikishika na joto likipungua kidogo, wauza miche wa hapa Malindi huteremsha pansi kutoka bara. Ni maua mazuri, sina ubishi: petali laini kama mahameli, zambarau na manjano, na doa jeusi katikati. Mtu ananunua, anayapanda mbele ya baraza, na kabla mwezi haujaisha mashina yamejivuta, maua yamesinyaa, na majani yamegeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Hapo analaumiwa shamba boi, eti hamwagilii.

Shamba boi wa watu hana kosa. Pansi zilizalishwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19 kutokana na maua ya porini yaitwayo viola, na hustawi kwenye baridi ya nyuzi 5 hadi 18 hivi. Huko Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, zinajiotea raha mustarehe. Sisi hata Julai usiku joto letu haliteremki hadi nyuzi hizo. Udongo wetu nao ni mchanga na mawe ya matumbawe, una chokaa nyingi, na kwenye chokaa mmea huu hushindwa kufyonza madini ya chuma. Ndiyo sababu ya ule unjano. Ukizidisha maji, unaozesha mizizi tu.

Kinachoniudhi ni kwamba asmini tumeifanya ua la kina nyanya. Hoteli inahangaika na pansi mlangoni, na nyuma ya ukuta asmini imejaa vitumba ambavyo hakuna anayevichuma! Vichume alasiri vikiwa vimefumba, uvitunge kwa uzi, na usiku vitafunguka nyumba nzima inukie. Tia na mrehani upate kikuba. Pansi hata ukiisogeza puani, harufu yake ni ya kubahatisha.

Haya, kama roho haitulii, panda kwenye chungu Juni, udongo uchanganye na mboji nyingi, ukiweke mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Mwagilia chini, si juu ya majani, na yakate maua yaliyonyauka ili mengine yachipuke. Septemba ikifika usiyabembeleze. Ng'oa, na ule udongo uumwage kwenye shimo la mlangilangi.