Joka, Simba na Mizimu: Nani Mgeni katika Ubuddha wa Myanmar?

Ukifika Shwedagon, pagoda kuu ya Yangon, wa kwanza kukupokea ni simba wawili wakubwa mlangoni, wanaoitwa chinthe. Kwenye pembe za pagoda utamkuta manussiha: kifua na kichwa cha mtu, nyuma simba, tena simba wa miili miwili.

Wapo Wabuddha wanaowaona viumbe hawa kuwa ni kutu iliyoishika dini. Hoja yao si nyepesi. Buddha alifundisha kwamba mtu hujikomboa kwa mwenendo mwema na kuufunza moyo wake; simba wa matofali atamsaidia nini? Wanaowatetea hujibu kwamba dini bila hadithi haikai kijijini. Mimi naona wote wawili wanakosea mahali pamoja: wamewatia viumbe wote kapu moja.

Mchukue naga, joka. Huyu hakuletwa na wanakijiji. Mucalinda, mfalme wa majoka, anasimuliwa katika maandiko ya Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibuddha, akimkinga Buddha mvua kwa kichwa chake. Katika vitabu vya kanuni za watawa kuna kisa cha naga aliyejigeuza kijana akapata utawa. Alipolala, umbo lake likamrudia, akajaa chumba kizima, na mtawa mwenzake akapiga ukelele. Buddha akamwondoa kwa upole. Ndiyo maana hadi leo anayeingia utawani huulizwa: je, wewe ni binadamu? Anayetaka kumfukuza joka itabidi afute na swali hilo.

Kwa nat, mizimu ya nchi, wakosoaji wana nguvu zaidi. Mfalme Anawrahta, aliyetawala ufalme wa kale wa Bagan kuanzia 1044, anasimuliwa kuwa alijaribu kuwapiga marufuku, akashindwa. Basi akawakusanya 36 katika pagoda ya Shwezigon, na juu yao akamweka wa 37, Thagyamin, ambaye ndiye Sakka, mlinzi wa mafundisho ya Buddha. Watetezi huuita huu uvumilivu. Uvumilivu gani? Hiyo ni siasa: mizimu ilipewa makao, na msimamizi juu yake.

Na mfalme alikuwa na sababu ya kuiogopa, kwa kuwa wengi kati ya nat ni watu waliokufa vifo vibaya, baadhi yao kwa amri ya wafalme. Mhunzi Maung Tint De wa Tagaung alikuwa na nguvu mno hata mfalme wake akaingiwa na hofu. Mfalme akamwoa dada wa mhunzi, akamtumia kumvuta kaka mtegoni, kisha akamfunga kaka huyo mtini na kumchoma moto. Dada naye akajitupa motoni. Hadithi inasema mti ule ulielea kwenye mto Irrawaddy hadi Bagan, na ndugu hao wakapewa makao mlima Popa. Kumbukumbu ya namna hii haitoki katika mafundisho ya Buddha, ni kweli, lakini kuiita ushirikina tu ni kupokea neno la mfalme bila kumsikiliza mhunzi.

Katika nyumba nyingi za Waburma rafu ya Buddha ina mahali pake. Mhunzi hakai hapo. Yeye hutundikiwa nazi iliyofungwa kitambaa chekundu, ili maji yake yampoze majeraha ya moto, na yakikauka huletwa nazi nyingine.