Je, familia ya Frank ingetawanyika?

Mwaka 1960 mwanasaikolojia Bruno Bettelheim, Myahudi wa Vienna aliyefungwa katika kambi za mateso za Wanazi za Dachau na Buchenwald kabla ya kukimbilia Marekani, aliandika makala iliyowaudhi wengi. Alidai kwamba Otto Frank, Myahudi wa Amsterdam, alikosea kuificha familia yake mahali pamoja wakati Wanazi wa Ujerumani walipoikalia Uholanzi. Lau kila mmoja angefichwa na Waholanzi wengine, huenda binti yake Anne, aliyeandika shajara maarufu akiwa mafichoni, angepona. Ni maneno mazito kumwambia baba aliyepoteza mke na mabinti wawili, lakini hoja yenyewe haipuuziki.

Watu wanane walijificha Prinsengracht 263, Amsterdam. Polisi walipoingia tarehe 4 Agosti 1944 waliwanasa wote kwa mpigo, na akarudi Otto peke yake. Tena mtoto alifichika kwa urahisi kuliko mtu mzima. Kitambulisho, ambacho cha Myahudi kiligongwa herufi J, kilidaiwa kwa wenye miaka 15 na kuendelea. Aliye chini ya hapo alihitaji tu hadithi ya kuaminika. Rotterdam ilikuwa imepigwa mabomu Mei 1940, kwa hiyo mama wa kijijini aliweza kuwaambia majirani: huyu ni mtoto wa ndugu yangu, nyumba yao imeungua.

Ushahidi mkubwa zaidi uko mtaa wa Plantage Middenlaan, Amsterdam hiyohiyo. Wayahudi waliokamatwa walirundikwa katika ukumbi wa maigizo wakisubiri kupelekwa Westerbork, kambi ya muda ambako treni ziliwachukua kwenda kambi za mauaji. Watoto wadogo waliwekwa ng'ambo ya barabara, katika kituo cha kulelea watoto cha Henriëtte Pimentel. Tramu ilipopita katikati, mlinzi aliyesimama mbele ya ukumbi hakuuona mlango wa kituo. Sekunde hizo zilitosha: mlezi anatoka na mtoto, anatembea sambamba na tramu, anapotea. Vichanga walibebwa ndani ya mikoba ya mgongoni. Walter Süskind, Myahudi aliyefanya kazi ukumbini, alihakikisha majina yao yanafutika kwenye orodha. Watoto wapatao 600 waliokolewa hivyo. Pimentel mwenyewe aliuawa katika kambi ya mauaji ya Auschwitz mwaka 1943.

Kwa watoto wadogo, basi, namkubalia Bettelheim. Kwa akina Frank simkubalii.

Kutawanyika kulihitaji milango mingi. Otto alikuwa na mmoja aliouamini, vyumba vya nyuma ya ofisi yake, na wafanyakazi wachache kama Miep Gies waliokuwa tayari kubeba mboga na kutafuta kuponi za chakula kwa hatari ya maisha yao. Kila nyumba ya ziada ilikuwa na jirani wa ziada, na mwaka 1943 genge la Henneicke, Waholanzi waliowasaka Wayahudi waliojificha, lililipwa gulden 7.50 (fedha ya Uholanzi) kwa kila Myahudi waliyemkabidhi. Waliojificha Uholanzi wanakadiriwa kuwa 28,000 hivi, na karibu theluthi yao walikamatwa, wakiwemo wengi waliokuwa wametengana na jamaa zao. Otto pia hakuwa amekaa akingojea maafa: mwaka 1941 alihangaika kutafuta viza ya Marekani, asiipate.

Bettelheim anahukumu kwa kuangalia mwisho. Akina Frank walidumu mafichoni miaka miwili na ushei. Septemba 3, 1944 walipakiwa kwenye treni ya mwisho kutoka Westerbork kwenda Auschwitz. Wangegunduliwa wiki tano baadaye, treni hiyo ingekuwa imeshaondoka, na pengine leo tungemsifu baba kwa busara ya kutowatenganisha watu wake.

Lililo zito zaidi kwangu ni jambo ambalo hoja yake haikulipa uzito. Vita ilipokwisha, watoto zaidi ya elfu moja hawakuwa na mzazi wa kurudi kuwachukua. Serikali ya Uholanzi iliunda tume ya kuamua waende wapi, chini ya Gesina van der Molen, Mprotestanti aliyekuwa ameshiriki kuwatorosha watoto wa kile kituo. Yeye na wenzake waliona mtoto aliyezoea mama mlezi asing'olewe tena. Viongozi wa Kiyahudi walijibu kwamba jamii iliyopoteza zaidi ya watu 100,000 haiwezi kunyang'anywa na watoto waliobaki. Kila upande ulikuwa na sababu ya kweli, ila mimi nasimama na hao wa pili, hasa pale ambapo shangazi au mjomba alikuwa hai na anamtaka mtoto. Wazazi waliokubali pale ukumbini waliombwa mtoto wao afichwe. Hakuna aliyewaomba wamtoe moja kwa moja.