Nikiwepo hawabweki

Siku ya tisa tangu tuhamie, maboksi ya vyombo bado yamerundikana sebuleni, geti liligongwa. Nje alikuwa amesimama mama wa nyumba ya pili, ambaye mpaka siku hiyo tulikuwa tumepungiana mikono tu. Hakuja na sura ya ugomvi. Alikuwa na macho mekundu ya mtu aliyekosa usingizi, na mkononi ameshika karatasi iliyochanwa kwenye kalenda ya mwaka jana.

"Mwanangu, karibuni sana," akasema. "Nimekuja kwa habari ya mbwa."

Nikajibu haraka, haraka mno. "Mbwa wangu, mama? Hawa hawabweki. Kule tulikotoka tumekaa miaka minne, hakuna aliyewahi kulalamika."

Hakubishana nami. Akanikabidhi karatasi. Nyuma ya mwezi wa Agosti alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu, herufi zimelala kidogo upande: "Jumatatu saa 2:40 hadi 3:15. Saa 5 kasoro, kidogo. Saa 7 mpaka 8, bila kupumzika." Halafu Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Chini kabisa akaongeza mstari mmoja: "Mdogo analia. Mkubwa anafoka."

Huyu mama anafanya kazi ya zamu ya usiku. Wakati wengine tunafunga milango kwenda kazini, yeye ndiyo kwanza anafunga pazia alale. Mimi kichwani mwangu kelele za mbwa zilikuwa jambo la usiku. Mchana nani anajali? Nilisahau kwamba usiku wa mtu huanza anapoweka kichwa kwenye mto.

Tangu siku ile nimekuwa na msimamo mmoja ambao baadhi ya wafugaji wenzangu hawaupendi: katika suala la kubweka, mwenye mbwa ndiye shahidi dhaifu kuliko wote. "Nikiwepo hawabweki" ni kweli tupu, na haina kazi yoyote, kwa sababu malalamiko hayahusu saa ambazo nipo. Jirani anaijua nyumba yangu kwa namna ambayo mimi mwenyewe siijui: anaijua ikiwa haina mimi ndani yake.

Ile hoja ya miaka minne nayo ilikuja kunigeukia. Jioni ile nilimpigia simu jirani yetu wa zamani, nikitafuta mtu wa kunipa haki. Nikamsimulia kisa, nikicheka. Yeye hakucheka. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, hata huku walikuwa wanabweka. Tulizoea tu. Sikutaka tukosane." Miaka minne mtu anavumilia, ananisalimia kila asubuhi, anauliza hali ya watoto, na mimi ule ukimya wake nauhesabu kama cheti cha tabia njema ya mbwa wangu. Niliona aibu, nikiri tu.

Kesho yake niliacha simu ya zamani juu ya rafu, nikaiwasha irekodi, nikaondoka kama kawaida. Kama una mbwa na umeletewa lalamiko, fanya hivi kabla hujasema neno la pili. Usiku nilikaa mezani nikasikiliza. Dakika nane za mwanzo, kimya. Kisha Kidosho, yule mdogo, akaanza kunung'unika kwa sauti nyembamba, akatembea, kucha zinagonga sakafu, akarudi mlangoni, akanung'unika tena. Halafu akapasua: mlio mmoja wa juu, kimya, mlio mwingine, kimya, kama mtu anayeita na kusubiri aitikiwe. Bosi, yule mkubwa, hakuwa naye kabisa. Bosi alikuwa uani, na kila mara alipobweka nilisikia kwanza nyayo za watu au tairi la baiskeli nje ya geti.

Mdogo analia, mkubwa anafoka. Mama yule aliwatambua akiwa kitandani kwake, ukuta katikati, bila kuwa amewahi kufuga mbwa maishani. Nilidhani ni kipaji chake, kumbe wengi wetu tunacho. Mwaka 2005 watafiti wa Budapest, Péter Pongrácz na wenzake, walitoa matokeo ya jaribio walilowasikilizisha watu milio ya mbwa iliyorekodiwa katika hali mbalimbali: mgeni amekuja, mbwa ameachwa peke yake, mbwa anacheza. Wasikilizaji walipatia hali zile mara nyingi kuliko mtu anayebahatisha, na wasiowahi kufuga hawakuachwa nyuma na wafugaji. Kwa hiyo jirani akikwambia "mbwa wako ana majonzi", usimchukulie kama mtu anayejua mambo yasiyomhusu. Huenda ndiye daktari wa kwanza wa mbwa wako.

Halafu kuna ukubwa wenyewe wa sauti, ambao sisi wenye mbwa tunaupunguza midomoni. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 1999 kuhusu kelele, lilishauri chumba cha kulala kisizidi wastani wa desibeli 30, na sauti za ghafla zisivuke 45. Mbwa wa kawaida akibweka karibu yako hupita 80 bila jasho. Rekodi ya dunia ya mbwa mmoja inashikiliwa na Charlie, golden retriever wa Australia, aliyebweka kwa desibeli 113.1 mwaka 2012. Na desibeli hazihesabiki kama machungwa: kila ukiongeza 10, nguvu ya sauti imezidishwa mara kumi. Mahali pa wazi, sauti hupungua desibeli 6 hivi kila umbali unapoongezeka maradufu, kwa hiyo kutoka hatua tatu hadi sita hujapunguza kitu cha maana. Dirisha la mama lilikuwa hatua saba kutoka kwenye ukuta wetu. Nilizipima siku hiyohiyo, kwa miguu yangu, nikijifanya naangalia maua.

Nyumba mpya ina sehemu yake katika lawama hii, ingawa sipendi kujificha nyuma yake. Sikio la mbwa hukamata sauti hadi mitetemo 45,000 kwa sekunde hivi, letu huishia 20,000, kwa hiyo kile nilichokuwa nakiita utulivu wa mtaa mpya, kwao kilikuwa soko. Kule tulikotoka walikwisha kujua mlango upi hulia, gari la nani hurudi saa ngapi, paka yupi hapigiki vita. Hapa kila kishindo kilikuwa habari mpya. Wengi hutulia baada ya wiki kadhaa. Lakini "watazoea" si jibu la kumpa mtu ambaye hajalala, maana anayeombwa azoee kwa kweli ni yeye.

Bosi ndiye aliyekuwa rahisi. Geti letu lilikuwa la nondo, unaona barabara yote. Fikiria jambo kwa akili ya Bosi: mtu anatokea, Bosi anafoka, mtu anatoweka. Ushindi. Mpita njia anakwenda zake na wala hana habari, lakini Bosi anajiandikia alama moja, na kesho atafoka mapema zaidi na kwa nguvu zaidi. Kumkemea kwa kupiga kelele hakusaidii. Anaona mmekuwa wawili kazini. Nilimkata ushindi: nikaziba geti kwa mabati usawa wa kichwa chake na zaidi kidogo, na asubuhi nikawa namwacha uwanja wa nyuma, mbali na barabara. Ndani ya siku tatu saa ya 7 mpaka 8 ilikuwa imebaki vipande vipande.

Kidosho alinichukua karibu miezi miwili, na hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Mbwa anayelia kwa upweke hana ukaidi, ana hofu. Humrekebishi kwa adhabu, kama ambavyo humnyamazishi mtoto anayeogopa giza kwa kumchapa. Nilianza kutoka nje kwa nusu dakika na kurudi kabla hajaanza kunung'unika. Kisha dakika moja. Kisha mbili. Nilishika funguo nikakaa kitini. Nilivaa viatu nikafagia. Lengo lilikuwa funguo na viatu vipoteze maana ya kuachwa. Watoto waliniuliza kama niko sawa. Asubuhi tulitembea kwanza, matembezi ya kweli, pua chini, anusapo aachwe anuse, siyo mbio za kuzunguka nyumba. Na nikiondoka namwachia chakula kilichofichwa ndani ya nguo kuukuu iliyosokotwa, akitafute. Zile wiki za mwanzo, siku ambazo sikuweza kumwacha kwa muda mrefu bila alie, dada yangu alikuja kukaa naye. Bila hilo ningekuwa kila siku nabomoa nilichojenga.

Kuna walionishauri kola: ile inayotoa mshtuko wa umeme mbwa akibweka. Unaifunga shingoni, mtaa unatulia, na wewe unaendelea na maisha. Sikukubali, na siyo kwa sababu ya moyo laini tu. Kola haitofautishi anayefoka na anayelia. Kidosho angepigwa shoti kwa kosa la kuogopa, peke yake ndani ya nyumba, na hofu ingepata sababu ya pili. Wales walipiga marufuku kola za umeme kwa mbwa na paka mwaka 2010, na sijaona sababu ya kuwacheka. Kama hali imezidi, mbwa anajiumiza au anakwangua mlango mpaka kucha zinatoka damu, huyo ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo.

Nisije nikaonekana najipendekeza kwa kila mlalamikaji. Jirani mwingine, wa ng'ambo ya barabara, alinisimamisha akataka mbwa waondoke kabisa, kwa sababu Bosi alimbwekea alipokuja kugonga geti. Huyo nilimsikiliza, nikamjibu kwa adabu, nikaendelea na safari yangu. Mbwa akibweka mtu anapogonga mlango amefanya kazi yake, akinyamaza baada ya dakika moja amefanya vizuri zaidi. Tofauti ya malalamiko yale mawili ilikuwa karatasi. Mmoja alinipa saa, mwingine alinipa amri. Huko Uingereza, ambako Sheria ya Ulinzi wa Mazingira ya mwaka 1990 inaipa halmashauri uwezo wa kumwamuru mtu akomeshe kelele, zikiwemo za mbwa, mlalamikaji mara nyingi huombwa kwanza aandike shajara: siku, saa, muda. Mama wa nyumba ya pili, bila kuombwa na yeyote, alikuwa na shajara yake kamili. Angeweza kuipeleka kokote. Aliileta kwangu.

Ndiyo maana wiki ile ya kwanza nilirudi kwake, safari hii mimi ndiye niliyegonga. Sikumwambia "samahani kwa usumbufu", maneno yanayobandikwa hata kwenye choo kibovu. Nilimwambia, "Mama, nimesikiliza rekodi. Ni kweli, na ni zaidi ya ulivyoandika. Mkubwa nimeshamzibia geti. Mdogo atanichukua muda, huenda wiki sita au nane. Nipe zamu zako za mwezi huu, nijue siku gani nisithubutu kumwacha peke yake asubuhi." Akanitazama kama mtu aliyejiandaa kwa vita akakuta adui ameleta kiti. Akaingia ndani, akarudi na ratiba. Nikampa namba ya simu yangu, nikamwomba asisubiri siku nne tena.

Lililonishangaza ni jinsi kelele ilivyoanza kumpungukia hata kabla Kidosho hajapona. Aliniambia mwenyewe: zamani mlio ukianza, moyo ulikuwa unaenda mbio kwa sababu hakujua utaisha lini, wala kama kuna mtu anayejali. Alipojua kuna mtu anahangaika nao, alikuwa anageukia upande wa pili. Mlio uleule.

Karatasi ya Agosti bado iko jikoni kwetu, imebandikwa kwenye jokofu. Ujumbe wa mwisho wa mama ulikuja wiki iliyopita, nikiwa kazini: "Leo saa 4 na robo, Bosi, dakika mbili. Usiwe na wasiwasi mwanangu, hata mimi nilimwona yule paka."