Robert Morris na sheria ya ufilisi ya 1800: nani alistahili kufutiwa deni?

Februari 1798, Robert Morris wa Philadelphia, mfanyabiashara aliyetia saini Azimio la Uhuru na kusimamia fedha za Marekani katika miaka ya mwisho ya vita dhidi ya Uingereza, aliingizwa katika gereza la wadaiwa la Mtaa wa Prune. Madeni yake yalikaribia dola milioni 3. Alitoka Agosti 1801, si kwa kuwa amelipa, bali kwa sababu mwaka uliotangulia Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya ufilisi iliyomwezesha mfanyabiashara kukabidhi mali yake yote kwa wanaomdai na kufutiwa kilichobaki. Sheria hiyo iliwagawa Wamarekani wa wakati huo, na kila upande ulikuwa na hoja ya kweli.

Walioitetea walianzia kwenye namna biashara ilivyoendeshwa. Sarafu zilikuwa adimu tangu enzi za ukoloni. Bidhaa zilitoka London kwa mali kauli. Tajiri wa bandarini alizikopesha kwa mwenye duka wa bara, naye akazikopesha kwa mkulima aliyengoja mavuno. Hati za ahadi, yaani karatasi za kuahidi kulipa deni, zilipita mkono kwa mkono, na kila aliyetia saini nyuma ya hati alibanwa kulipa endapo aliyeiandika angeshindwa. Hivyo mtu mwaminifu, mwenye vitabu safi, aliweza kuanguka kwa kosa la mtu asiyemjua. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1772, mabenki yalipotetereka London na Scotland: wadai wa Uingereza walianza kudai fedha zao kwa pupa, na shinikizo likawafikia wakulima wa tumbaku wa Virginia ambao hawakuwa na habari na michezo ya fedha iliyoleta balaa hilo. Kwa watetezi, kumfunga mtu wa namna hiyo kulikuwa kumwadhibu kwa dhoruba ambayo hakuivumisha, tena kumzuia asifanye kazi ambayo ingemwezesha kulipa.

Hoja hiyo ina uzito, lakini haimfai sana Morris mwenyewe. Yeye hakuzamishwa na meli iliyopotea baharini. Pamoja na John Nicholson na James Greenleaf alinunua mamilioni ya ekari za mashamba pori na maelfu ya viwanja katika mji mpya wa Washington, wakitegemea kwamba wahamiaji na fedha za Ulaya zingefika upesi, huku wakilipia kwa hati walizodhaminiana wao kwa wao. Yaani dhamana ya mufilisi mmoja ilikuwa saini ya mufilisi mwenzake. Kabla yao, Machi 1792, William Duer, aliyewahi kuwa msaidizi wa Waziri wa Fedha, alianguka kwa ulanguzi wa hisa na hatifungani, akaondoka na akiba za wenye maduka, wajane na wachuuzi wa sokoni wa New York waliomkopesha kwa tamaa ya riba kubwa. Ukimweleza mjane wa aina hiyo kwamba kufilisika ni bahati mbaya, alikuwa na haki ya kukucheka.

Wapinzani walikuwa na hoja nyingine, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Sheria ya 1800 iliwahusu wafanyabiashara, wenye benki, madalali na watoa bima tu, na deni lilipaswa kufika angalau dola 1,000. Fundi au mkulima aliyefungwa kwa dola chache hakupata nafuu yoyote, kana kwamba kudaiwa kidogo ni kosa kubwa kuliko kudaiwa sana. Zaidi ya hayo, ni mdai tu aliyeruhusiwa kufungua shauri, jambo lililowafanya baadhi ya wadaiwa kuafikiana kisirisiri na mdai rafiki ili awafungulie.

Hata gereza lilikuwa na mantiki yake. Hofu ya kufungwa iliwafanya wengine watoe mali waliyoificha, au ndugu wakachanga kuwaokoa. Tatizo ni kwamba mbinu hiyo haimbani asiye na kitu. Nicholson alifia gerezani Desemba 1800, na wadai wake hawakupata chochote kwa kifo hicho.

Bunge liliifuta sheria Desemba 1803. Naona wapinzani walitambua dosari sawasawa, kisha wakachagua dawa mbaya: kama ubaya wa sheria ulikuwa kuwabagua wadogo, haki ilikuwa kuwaingiza, badala ya kuwarudisha wote mikononi mwa sheria za majimbo zilizotofautiana. Sheria ya 1841 ndiyo iliyomruhusu mdaiwa mwenyewe, awe mfanyabiashara au la, kuomba kutangazwa mufilisi. Nayo ilifutwa mwaka 1843, safari hii wadai wakilalamika kwamba mlango umefunguliwa mno.